Kiongozi mmoja, kauli tatu: Tushike ipi?

Wahenga walinena kwamba ulimi hauna mfupa. Lau wangaliishi wakayaona maisha ya siasa zetu za leo, huenda wangaliongeza kwamba ulimi wa mwanasiasa hauna hata makao. Hulala kanisani, ukaamkia studio ya runinga ya kigeni, na kufikia jioni ukawa umekwisha kuhamia kwenye jukwaa la hadhara. Katika masuala mengi tumeizoea hali hiyo na hatuisumbukii. Lakini yako masuala ambayo kuhamahama huko kuna gharama, na wanaoilipa si wasemaji. Suala la haki za watu wa mapenzi ya jinsia moja na za watu waliobadili jinsia ni mojawapo.

Makala haya hayakusudii kumwambia msomaji aamini nini kuhusu suala lenyewe. Kila mmoja ana dini yake, malezi yake na dhamiri yake. Nia yangu ni kuuliza swali ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili angelimwuliza mwanafunzi wake: kiongozi anapotoa kauli tatu tofauti juu ya jambo moja, je, amebadili fikira au amebadili hadhira?

Tuanze na kauli zenyewe. Mapema Mei mwaka 2015, William Ruto, wakati huo akiwa Naibu wa Rais, alihutubia ibada jijini Nairobi. Alitamka kwamba Kenya ni jamhuri inayomwabudu Mungu na kwamba haina nafasi kwa watu wa mapenzi ya jinsia moja. Siku hizo hizo Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Marekani, John Kerry, alikuwa ziarani nchini. Aidha, hata majuma mawili hayakuwa yamepita tangu Mahakama Kuu, tarehe 24 Aprili 2015, iamue kwamba Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilikosea ilipokataa kulisajili shirika la kutetea haki za watu hao. Kauli hiyo haikuacha mwanya: hapana nafasi.

Miaka saba ikapita. Mnamo Septemba 2022, akiwa ndio kwanza ameapishwa kuwa Rais, Bwana Ruto alihojiwa na Christiane Amanpour wa CNN. Alipoulizwa kuhusu haki za watu hao, alijibu kwa upole. Hakutaka, alisema, jambo dogo likuzwe. Hilo halikuwa suala kubwa kwa watu wa Kenya, na siku litakapokuwa suala kubwa, Wakenya wenyewe watafanya uamuzi. Akaongeza kwamba sisi tunaheshimu imani za wengine nasi twataka imani zetu ziheshimiwe. Wapo waliodhani kwamba yule wa mwaka 2015 amelegeza kamba.

Miezi mitano hivi baadaye kamba ilikazwa tena. Tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu, kwa kura tatu dhidi ya mbili, iliunga mkono haki ya shirika lile lile kusajiliwa. Ghadhabu ikatanda kutoka mimbari hadi Bungeni. Mapema Machi, Rais akatangaza kwamba ingawa anaiheshimu mahakama, mila zetu, Ukristo na Uislamu haviwezi kuruhusu mwanamke kumwoa mwanamke mwenzake wala mwanamume kumwoa mwanamume mwenzake. Hayo yataweza kutendeka kwingine, si Kenya.

Hizo ndizo kauli tatu. Mwanafunzi wa isimujamii hatachukua muda kutambua kwamba mbele yake zimewekwa sajili tatu: ya ibada, ya diplomasia na ya jukwaa la nyumbani. Kila sajili ina msamiati wake na adabu zake. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kubadili sajili. Hata mwalimu hasemi darasani jinsi asemavyo sokoni. Lawama huanza pale ambapo maana nayo inapobadilishwa pamoja na mavazi yake. "Hapana nafasi" na "si suala kubwa" si namna mbili za kusema jambo moja. Ya kwanza humfukuza mtu, ya pili hudai kwamba mtu huyo haonekani. Anayefukuzwa sharti kwanza awe ameonekana.

Tazama pia nani anayetenda katika kila kauli. Mwaka 2015 mtenda ni Jamhuri. Mwaka 2022 ni watu wa Kenya, tena katika wakati ujao usio na tarehe. Mwaka 2023 ni mila na dini. Kote huko hamna mahali ambapo msemaji anasema, "Mimi, nikiwa mkuu wa serikali, nitafanya hivi au sitafanya vile." Msimamo usio na mwenyewe hauwezi kudaiwa. Ahadi ni deni, lakini deni lazima liwe na mdaiwa.

Kuna neno jingine dogo linalohitaji kuchunguzwa: "sisi". Kiswahili, sawa na Kiingereza, hakina kiambishi kimoja cha "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na kingine cha "sisi" inayomtenga. Tukisema "hatuna", kiambishi "tu" hakituambii ni nani yumo ndani na ni nani yu nje. Kiongozi akisema kwamba sisi hatuna nafasi kwa watu fulani, raia mlipa kodi ambaye ni mmoja wa watu hao husikia akihesabiwa na kufutwa kwa silabi moja. Udhaifu huo wa sarufi si kosa la mtu yeyote. Kuutumia makusudi ni uamuzi wa kisiasa.

Haki inatutaka tukiri kwamba Rais Ruto si wa kwanza wala si wa pekee. Mnamo Novemba 2010 Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliambia mkutano wa hadhara Kibera kwamba watakaopatikana katika vitendo hivyo watakamatwa. Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta, akiwa amesimama kando ya Rais Barack Obama jijini Nairobi, alisema kwamba kwa Wakenya hilo halikuwa suala la kushughulikiwa wakati huo. Mwaka 2018, mbele ya CNN vilevile, alisema si jambo lenye uzito kwa Wakenya na kwamba halikuwa suala la haki za kibinadamu, bali la utamaduni. Yaelekea basi kuna mazoea yanayorithishwa: nyumbani ni tishio kubwa, ugenini ni jambo dogo. Linakuwaje jambo dogo kiasi cha kutostahili jibu na wakati huo huo kubwa kiasi cha kutishia taifa?

Mtu atanijibu kwamba wanasiasa husema yale wananchi wayatakayo, na hiyo ndiyo demokrasia. Hoja hiyo ina uzito. Uchunguzi wa taasisi ya Pew ya Marekani wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba takriban Wakenya 14 katika kila 100 ndio waliosema mapenzi ya jinsia moja yapaswa kukubaliwa na jamii. Kiongozi anayetafuta kura hawezi kujifanya haioni hesabu hiyo. Lakini taasisi hiyo hiyo ilipouliza swali hilo mwaka 2002, waliokubali walikuwa mmoja tu katika kila 100. Wananchi, basi, hawajasimama palepale. Kundi dogo limesogea, na kundi kubwa limebaki na imani yake. Pande zote mbili zinastahili kiongozi anayewaeleza bayana serikali itatenda nini. Mwenye kuamini kwamba mapenzi hayo ni dhambi hatendewi haki anapoambiwa kanisani jambo moja na kupitia CNN jambo jingine. Naye amedanganywa.

Wala sisemi kwamba kubadili msimamo ni aibu. Mtu mzima asiyebadili fikira ni sawa na kisima kisichochotwa maji; mwisho huoza. Barack Obama, alipokuwa akigombea urais mwaka 2008, alisema ndoa ni kati ya mwanamume na mwanamke. Tarehe 9 Mei 2012 alitangaza kwamba ameubadili msimamo huo, akataja waliomshawishi: wafanyakazi wake, wanajeshi, na wazazi wa marafiki wa binti zake. Wapo waliomshuku, na si bila sababu, kwa kuwa mwaka 1996 aliwahi kujibu kwa maandishi mjini Chicago kwamba anaunga mkono ndoa hizo, na mshauri wake David Axelrod aliandika baadaye kwamba bosi wake alikuwa ameificha imani yake kwa sababu za kisiasa. Hata hivyo badiliko lilitajwa kwa jina lake, likapewa tarehe na sababu. Aliyelipenda alijua alichokipata, na aliyelichukia alijua cha kupinga.

Karibu nasi, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alikataa kwanza kuutia saini mswada wa kupinga mapenzi ya jinsia moja mwishoni mwa mwaka 2013, kisha akautia saini tarehe 24 Februari 2014, akidai kwamba ripoti ya wanasayansi ndiyo iliyomshawishi. Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo Agosti mwaka huo, na Mei 2023 akatia saini nyingine iliyo kali zaidi, yenye hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Mimi siafikiani na alikofika. Lakini sababu aliyoitoa ingeweza kupimwa na wanasayansi wengine, na ilipimwa. Ni afadhali sababu mbaya iliyo hadharani kuliko ukimya unaojiita busara.

Sasa turejee kwenye kauli ya tatu, kwa maana ndani yake mna kosa la kimantiki ambalo walimu wangelitia wino mwekundu. Mahakama ya Juu haikuulizwa kuhusu ndoa. Iliulizwa iwapo raia waweza kunyimwa usajili wa shirika kwa sababu ya jinsi walivyo. Jibu la majaji walio wengi lilihusu uhuru wa kujumuika, ulio katika Kifungu cha 36 cha Katiba ya mwaka 2010. Ndoa imeshughulikiwa na Kifungu cha 45, kinachompa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti na yake. Rais alijibu swali ambalo halikuulizwa, akaliacha lililoulizwa. Katika mtihani, jibu la namna hiyo, hata likiandikwa kwa hati nzuri, hupewa sufuri.

Vivyo hivyo neno "mila" lahitaji kushikwa kwa uangalifu. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo kwavyo mtu aweza kufungwa hadi miaka 14 au mitano, vilitufikia kupitia sheria ya kikoloni ya mwaka 1930. Mtaa wa Kaloleni hapa Nairobi ulijengwa na utawala huo huo miaka kumi na kitu baadaye ili kuwapa makao Waafrika waliofanya kazi mjini. Nyumba za Kaloleni na vifungu hivyo ni urithi wa mkono mmoja. Mahakama Kuu ilivikubali vifungu hivyo tarehe 24 Mei 2019, na huo ni uamuzi wa kisheria unaostahili kuheshimiwa sawa na ule wa mwaka 2023. Mkenya anaweza kuviunga mkono kwa imani yake mwenyewe. Asichoweza ni kudai kwamba maneno hayo yaliandikwa na babu zake.

Nimeutaja Kaloleni kwa sababu nyingine pia. Katika miaka ya 1950, ukumbi wake wa kijamii ulikuwa mahali pa mikutano ya kisiasa ya Waafrika. Msemaji alipopanda jukwaani pale, aliwakabili watu ambao kesho yake angekutana nao kwenye kituo cha basi kando ya barabara ambayo leo twaiita Jogoo. Hadhira ilikuwa moja na ilikuwa na kumbukumbu. Jina la mtaa lenyewe, kwa sikio la mwanaisimu, hukumbusha kitenzi "lola" cha lugha nyingi za Kibantu, yaani kutazama. Tutazame basi kauli za wakubwa zinatua wapi zinapotoka angani.

Zinatua katika vyumba vya mitaa kama Kaloleni, Makongeni na Mbotela, mahali ambapo ukuta ni mmoja kwa nyumba mbili na jirani hujua jirani amepika nini. Kijana anayeshukiwa hana pa kujificha. Mwenye nyumba, mwenye duka na mwenye kinyozi wote wamesikia taarifa ya habari. Hakuna askari aliyetumwa wala sheria mpya iliyopitishwa, lakini kila mmoja amejua kwamba mwenye mamlaka amesema huyu hana nafasi. Wakati Rais anapoiambia CNN kwamba hili si suala kubwa, kijana yule hana runinga ya CNN; anacho kile alichokisikia jirani yake.

Zinatua shuleni pia, nasi walimu hatuna budi kulisema hili. Mwishoni mwa mwaka 2021, Profesa George Magoha, Waziri wa Elimu wa wakati huo, alipendekeza kwamba wanafunzi wa mapenzi ya jinsia moja wasikubaliwe katika shule za bweni, bali wasomee shule za kutwa karibu na makwao. Mwaka 2023, mrithi wake Ezekiel Machogu alizungumzia kamati ya viongozi wa dini iliyopewa jukumu la kukabiliana na jambo hilo shuleni. Mwalimu mkuu anayesoma habari hizo magazetini hubaki na maswali ambayo hakuna aliyemjibu. Atamtambuaje mtoto huyo? Kwa ungamo, kwa uvumi au kwa mwendo wake? Atamwambia nini mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa karo ya bweni? Na mtoto aliyesingiziwa na wenzake kwa sababu ya chuki ya kitandani na sandukuni atakwenda kulalamika kwa nani? Mtoto wa mitaa yetu akipata nafasi katika shule nzuri ya bweni, nafasi hiyo mara nyingi ndiyo ngazi pekee aliyo nayo. Kumteremsha kwa neno la jukwaani ni adhabu isiyotolewa na mahakama yoyote.

Hatimaye kuna wale ambao kauli hizo tatu haziwatofautishi na wengine, yaani watu waliobadili jinsia. Lugha yetu ya magazeti ina lawama hapa. Neno "shoga" katika mwambao ni jina waitanalo wanawake walio marafiki; likapata maana ya pili, likawa tusi, na sasa "ushoga" limegeuzwa kapu la kutilia kila kitu: kitendo, mtu, shirika, ndoa, vazi, hata maumbile ya kuzaliwa. Watu huntha, waliozaliwa na viungo visivyolingana na mgawanyo wa kawaida wa kike na kiume, walihesabiwa kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 2019, wakapatikana 1,524. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo imemtambua mtoto huntha. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani la Kitaifa limpe Audrey Mbugua, mwanaharakati aliyebadili jinsia, cheti cha KCSE chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hayo ni mambo matatu yenye sababu tatu na masuluhisho matatu. Dola ile ile imeyashughulikia mawili ya mwisho kwa utulivu, kwa sensa, kwa sheria na kwa mahakama, bila mbingu kuanguka. Kumbe inawezekana.

Kwa hiyo nawapendekezea walimu wenzangu kazi moja. Zichukueni kauli hizo tatu mziweke ubaoni bila jina la msemaji. Waulizeni wanafunzi: Nani anazungumza? Anazungumza na nani? Anazungumzia jambo gani hasa, kitendo, shirika au ndoa? Na kesho asubuhi nini kitabadilika kwa sababu ya maneno haya? Hamhitaji kuwaambia wanafunzi washike upande upi. Wakijua kuuliza maswali hayo manne, watakuwa wamejifunza isimujamii na uraia kwa kipindi kimoja.

Nao viongozi tunawadai jambo moja. Rais akiamini kwamba vifungu vya mwaka 1930 vibaki, aseme hivyo London, Washington na Roysambu kwa maneno yale yale, na aeleze polisi watamfanya nini raia asiyemdhuru mtu. Akiamini kwamba kila Mkenya, awaye yote, ana haki ya kutibiwa, kusoma, kupanga nyumba na kulindwa dhidi ya kipigo, jambo ambalo halihitaji kubadili sheria ya ndoa hata nukta moja, basi alitamke kanisani, mbele ya wale wale walioisikia kauli ya mwaka 2015. Mawili hayo yanaweza hata kutamkwa na mtu mmoja. Mcha Mungu anaweza kuikataa ndoa ya jinsia moja na bado akakataza jirani asipigwe mawe. Huo ungekuwa msimamo. Tungeubishia, tungeupigia kura au tungeupinga, lakini tungejua tunabishana na nini.

Muungwana ni kitendo. Hadi kitendo kitakapoonekana, kauli tatu zitaendelea kuwa kauli tatu, na mtoto wa Kaloleni ataendelea kukisia ni ipi kati ya hizo iliyosemwa juu yake.